KARANI WA MAHAKAMA NAYE NI MFANYAKAZI

Mfanyakazi wa kiwanda au wa shamba la chai anayebaguliwa kazini hapa Rwanda anayo njia ya kufuata, na njia hiyo imeandikwa katika sheria. Kwanza atawaona wajumbe wa wafanyakazi waliochaguliwa mahali pake pa kazi. Wajumbe wasipoweza kupatanisha, shauri litakwenda kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya. Mkaguzi naye akishindwa, shauri litakwenda mahakamani. Njia ni ndefu na mara nyingine inachosha miguu na mfuko, lakini ipo, na wengi wetu ama tumeipita wenyewe, ama tumemsindikiza mwenzetu kuipita.

Mwisho wa njia hiyo kuna watu ambao sisi huwaona kwa dakika chache tu. Kuna anayepokea shauri na kulipa namba. Kuna anayeandika maneno ya pande zote mbili wakati hakimu anasikiliza. Kuna anayetunza majalada, anayepeleka hati za wito, anayefagia ukumbi kabla hatujaingia, na anayelinda lango. Tangu mwaka 2016 mashauri yalipoanza kuwasilishwa kwa kompyuta, kazi yao imebadilika sura lakini haijapungua. Bila wao hakimu hawezi kukaa kitini, na mfanyakazi hawezi kupata hukumu.

Safari hii tunauliza swali ambalo haliulizwi mara nyingi katika mikutano yetu. Watu hawa, ambao kazi yao ni kutuandikia mashauri yetu ya kubaguliwa, wakibaguliwa wao wenyewe, wayapeleke wapi ya kwao?

NYUMBA MOJA, MILANGO MITATU

Tuchukue mfano wa Kibagabaga, katika kata ya Kimironko, wilaya ya Gasabo, hapa Kigali. Wengi wanapajua kwa ajili ya hospitali yake, na wengine kwa ajili ya mahakama ya mwanzo. Hatusemi kwamba katika mahakama ile kuna mtu aliyeonewa. Tunaitaja kwa kuwa ni jirani yetu, na kwa kuwa yanayohusu mahakama moja ya nchi hii yanazihusu zote.

Chini ya paa la mahakama kama hiyo hufanya kazi watu ambao hawamo katika sheria moja. Mfagizi na mlinzi mara nyingi ni watu wa kampuni binafsi iliyopewa mkataba. Hao ni wenzetu kabisa: wanaongozwa na Sheria Na. 66 ya mwaka 2018 inayosimamia kazi nchini Rwanda, ile ile inayomlinda mchuma chai wa Mulindi na mshonaji wa eneo la viwanda la Masoro. Mlango wao ni mkaguzi wa kazi.

Mtumishi wa ofisi aliyeajiriwa na serikali kwa kudumu hayumo humo. Yeye anafuata Sheria Na. 017 ya mwaka 2020 ya watumishi wa umma. Akiwa na rufaa kuhusu kazi yake, hamwendei mkaguzi wa wilaya. Hupanda ngazi za wakubwa wake mwenyewe, kisha hufika Komisheni ya Utumishi wa Umma.

Wa tatu ni mwandishi wa mahakama, ambaye kwa Kinyarwanda huitwa umwanditsi. Huyu, pamoja na mahakimu, ana sheria ya peke yake. Anateuliwa, anapandishwa cheo na kuadhibiwa chini ya Baraza Kuu la Mahakama, na mwenyekiti wa Baraza hilo ni Rais wa Mahakama Kuu Kabisa, yaani kiongozi mkuu wa nyumba ile ile anayofanyia kazi.

Basi fikiri, ndugu msomaji, wanawake watatu wanaofanya kazi katika jengo moja. Mmoja anafagia, mmoja anatunza majalada, mmoja ni mwandishi wa mahakama. Wote watatu mkubwa mmoja awatolee maneno machafu, au wote watatu wanyimwe nafasi kwa sababu ni wajawazito. Kosa ni moja. Lakini mmoja ataenda kwa mkaguzi, wa pili ataenda kwa Komisheni, wa tatu ataenda kwa wakubwa wa mahakama. Na wale wawili wa mwisho wasiporidhika, mlango uliobaki ni kufungua kesi, yaani kurudi katika nyumba ile ile na kusimama mbele ya watu ambao kesho yake watakutana nao kwenye ngazi. Wahenga wetu waliliona jambo hili zamani: kesi ya nyani, hakimu ngedere.

SHERIA YETU INASEMA NINI

Kabla ya kuendelea ni vema tujue tulicho nacho mkononi, maana wengi tunakitumia bila kukisoma.

Kifungu cha 9 cha sheria ya kazi ya mwaka 2018 kinamtaka kila mwajiri awape wafanyakazi nafasi sawa. Kinamkataza kumbagua mtu kwa ajili ya kabila, familia au ukoo, rangi ya ngozi, jinsia, mkoa, hali ya mali, dini, maoni, tofauti za utamaduni, lugha, ulemavu wa mwili au wa akili, au kwa ubaguzi wa namna nyingine yoyote. Tena kinaagiza kwamba kazi zenye thamani sawa zilipwe mshahara sawa.

Kifungu cha 8 kinamkataza mkubwa kumsumbua kijinsia mtu aliye chini yake. Kinakataza pia kumfukuza mfanyakazi kwa kuwa ametoa taarifa au ametoa ushahidi. Na kinaongeza jambo ambalo kila dada wa kiwandani angefaa alijue kwa moyo: mfanyakazi akiacha kazi kwa sababu alisumbuliwa kijinsia na mkubwa wake, na ushahidi ukawapo, kuacha kwake kunahesabiwa kuwa amefukuzwa isivyo haki.

Maneno haya ni mazuri na yako wazi. Yamewekwa hasa kwa ajili ya ajira ya mkataba katika sekta binafsi. Mtumishi wa kudumu wa mahakama hakuachwa uchi, hilo lazima tuliseme kwa haki. Katiba inakataza ubaguzi kwa watu wote, na inasema watu wenye uwezo sawa walipwe sawa kwa kazi iliyo sawa. Sheria ya makosa ya jinai nayo inaadhibu ubaguzi, awe ameufanya nani. Lakini kila mfanyakazi anajua tofauti kati ya kumfunga mtu jela na kurekebisha mambo kazini. Karani aliyerukwa katika kupandishwa cheo kwa sababu ya ulemavu wake hatafuti jela ya mtu yeyote. Anatafuta cheo chake, mshahara wake na heshima yake. Kwa hayo anahitaji kinga ya kazini, yenye mlango wa karibu na sikio la mtu ambaye si mkubwa wake.

KWA NINI RWANDA HAIPASWI KULIONA HILI KUWA DOGO

Nchi nyingine zinaweza kujifunza habari za ubaguzi kazini vitabuni. Sisi tumeziona mbaoni. Mapema mwaka 1973 orodha za majina ya Watutsi zilibandikwa katika shule, katika chuo kikuu cha Butare, katika maofisi na katika makampuni. Aliyeliona jina lake alitakiwa kuondoka. Baada ya hapo, chini ya serikali iliyotwaa madaraka Julai mwaka huo huo, ikaja siasa ya mafungu ya kikabila katika shule na katika kazi, iliyoitwa iringaniza. Kitambulisho kilichoandikwa kabila, kilicholetwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, ndicho kilichokuwa ufunguo wa kufungua na kufunga milango ya ajira.

Tunajua mwisho wake ulikuwa nini mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Orodha ya kazini haikuwa jambo la kazini peke yake. Ndiyo maana mwaka 2001 nchi ilitunga sheria ya kuzuia na kuadhibu ubaguzi, na mwaka 2003 Katiba ikaweka usawa wa watu kuwa nguzo. Ni haki basi kudai kwamba kinga hiyo isiwe na tundu mahali popote, na hasa isiwe na tundu katika nyumba ambayo watu wote hukimbilia wakionewa.

Mtu anaweza kutujibu kwamba mahakama zetu zimeongozwa na wanawake: Aloysie Cyanzayire kuanzia mwaka 2003 hadi 2011, na Domitilla Mukantaganzwa kuanzia Desemba 2024. Ni kweli, nasi tunajivunia. Lakini kiti cha juu hakitupi habari za kiti cha chini. Katika kiwanda pia, mkurugenzi mwanamke haondoi haja ya mashine yenye kinga wala choo cha wanawake.

WENZETU WAMEFANYAJE

Tutazame nje ya mipaka yetu, tukianza na majirani.

Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini mwaka 2004. Sheria hiyo iliwaingiza watumishi wa umma pamoja na wa makampuni, hivyo karani wa mahakama akawa chini ya paa moja na mkata mkonge. Jeshi la wananchi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa waliachwa nje kwa mambo mengi, lakini kifungu cha 7, kinachokataza ubaguzi, kikasemwa kuwa kinawahusu hata hao. Yaani hata askari mwenye bunduki hakuachwa nje ya kinga hiyo. Tena kifungu hicho kinasema mfanyakazi akishaonyesha dalili za kutosha kwamba amebaguliwa, ni kazi ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Hapo mzigo umewekwa kwenye bega lenye nguvu. Hata hivyo, mabadiliko ya mwaka 2016 yalimtaka mtumishi wa umma amalize kwanza ngazi za malalamiko za utumishi wa umma kabla ya kutumia milango ya sheria za kazi. Hivyo kinga ilibaki, lakini njia ya kuifikia ikawa ndefu zaidi.

Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyataja majeshi, polisi na magereza kuwa nje, lakini haikuzitaja mahakama. Na tumeona kwamba mlango huo hufunguka kweli. Mwaka 2013 Tume ya Utumishi wa Mahakama ilimwondoa kazini Msajili Mkuu, Gladys Boss Shollei. Kesi yake haikuwa ya ubaguzi, ilihusu namna alivyoondolewa. Aliipeleka katika mahakama inayoshughulikia mambo ya kazi, na mwaka 2014 alishinda, ingawa Mahakama ya Rufaa ilitengua ushindi huo baadaye. Hatulitaji jambo hili ili kusema nani alikuwa na haki. Tunalitaja kuonyesha kwamba mtumishi wa mahakama anaweza kumshtaki mwajiri wake katika mahakama ya kazi kama mfanyakazi mwingine, na mbingu zisianguke.

Mfano mwingine unatuhusu zaidi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliundwa na Umoja wa Mataifa tarehe 8 Novemba 1994, ikafanya kazi Arusha mpaka ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Watumishi wake walikuwa wa Umoja wa Mataifa, na kwa sababu ya kinga ya Umoja huo hawakuweza kuushtaki katika mahakama za nchi. Kwa miaka mingi malalamiko ya watumishi wa Umoja wa Mataifa yalianzia katika bodi za ndani, zilizoundwa na wafanyakazi wenzao, ambazo kazi yake ilikuwa kutoa ushauri tu. Kuanzia tarehe 1 Julai 2009 utaratibu huo ulibadilishwa, ikaanzishwa mahakama ya migogoro yenye mahakimu wa kazi hiyo, na viti vyake vikawa New York, Geneva na Nairobi, pamoja na mahakama ya rufaa juu yake. Hata Umoja wa Mataifa, basi, ulikubali kwamba ushauri wa bodi hautoshi.

Na Marekani, nchi inayojisifu kwa sheria zake? Sheria yake kubwa ya haki za raia ni ya mwaka 1964. Mwaka 1995 Bunge lake lilikubali kujiweka lenyewe chini ya sheria za kazi lilizowatungia wengine. Mahakama za serikali kuu, zenye watumishi wapatao 30,000, zilibaki na taratibu zao za ndani. Desemba 2017 jaji mmoja wa rufaa, Alex Kozinski, alijiuzulu baada ya wanawake kadhaa waliowahi kufanya kazi mahakamani kumlalamikia kwa kuwasumbua kijinsia. Mwaka 2021 uliletwa bungeni muswada wa kuwapa watumishi wa mahakama hizo kinga ile ile ya wafanyakazi wengine. Haukupita, ukaletwa tena mwaka 2024, na mwaka huo pia haukuwa sheria. Kumbe utajiri wa nchi si dawa ya jambo hili.

HOJA YA UHURU WA MAHAKAMA

Wanaopinga wana hoja moja yenye uzito, nasi hatutaidharau. Wanasema mahakama lazima iwe huru. Mkaguzi wa kazi ni mtu wa serikali. Akiruhusiwa kuingia ofisi za mahakama na kuuliza maswali, serikali itapata kamba ya kumfunga hakimu.

Ni hoja ya kusikilizwa, maana mfanyakazi maskini ndiye wa kwanza kuumia hakimu akipoteza uhuru wake. Lakini tutenganishe mambo mawili. Uhuru wa hakimu ni uhuru wa kuamua kesi kwa sheria na dhamiri yake bila kuagizwa na mtu. Nani apewe likizo, nani apandishwe cheo, nani asumbuliwe akibaki ofisini jioni, hayo si hukumu. Hayo ni mambo ya mwajiri na mwajiriwa. Hakimu anapomwita karani wake kwa maneno ya kumdhalilisha, hapo hafanyi kazi ya uhakimu hata kidogo.

Tena njia za kulinda yote mawili zipo. Malalamiko yanaweza kupokelewa na chombo cha nje ambacho hakiruhusiwi kugusa jalada la kesi yoyote. Shauri la mtumishi wa mahakama fulani linaweza kusikilizwa na mahakimu wa mbali, wasiomjua yeye wala mkubwa wake.

Na ahadi tumekwisha kuiweka. Rwanda iliridhia mwaka 1981 Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani, unaokataza ubaguzi katika ajira. Mkataba huo wa mwaka 1958 unaagiza kwamba siasa ya usawa ifuatwe pia katika kazi zilizo chini ya usimamizi wa serikali yenyewe. Mwaka 2023 Rwanda iliridhia Mkataba Na. 190 kuhusu ukatili na usumbufu kazini, na huo unahusu sekta zote, ya umma na ya binafsi, ukiwagusa hata wanaojifunza kazi na wanaotafuta kazi. Mahakama haikutengwa humo.

TUNACHOTAKA

Madai yetu ni machache. Kwanza, orodha ya ubaguzi uliokatazwa na kinga ya mtoa taarifa, kama zilivyo katika vifungu vya 8 na 9, ziandikwe kwa maneno yale yale katika sheria za watumishi wa mahakama. Pili, uwepo mlango wa nje ya nyumba, ambao karani anaweza kuugonga bila kupitia kwa mkubwa anayemlalamikia. Tatu, mzigo wa kuthibitisha umwangukie mwajiri pale dalili zinapoonekana, kama majirani zetu walivyofanya. Nne, makarani, waandishi na wahudumu wajisikie huru kutumia haki ya kujiunga na vyama, ambayo Katiba imewapa.

Kwa upande wetu tusingoje. Wewe wa kiwandani au shambani ukibaguliwa, andika siku, saa, maneno yaliyosemwa na waliosikia. Mwone mjumbe wako kabla ya kuona giza. Na ukikutana na mtumishi wa mahakama mwenye shida ya namna hiyo, mweleze kwamba hata yeye anaweza kuandika hivyo hivyo na kuyatunza maandishi yake mahali salama nje ya ofisi.

Wanyarwanda husema mwiba ulio mguuni mwa mwenzako ni rahisi kuung'oa. Wapo watakaotuambia kwamba mambo ya makarani si yetu, tushughulike na chai na nguo zetu. Lakini siku moja jalada lenye jina lako litapita mikononi mwa karani mmoja, na ndani yake mna mshahara wako, kazi yako na chakula cha watoto wako. Ni faida yako wewe kwamba mtu anayelishika jalada hilo hamwogopi mkubwa wake.